Jina Nililoandika kwenye Fomu ya Chuo

Pinga, Jumapili baada ya misa

Papa mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na ule mgongo umekuachilia uvune viazi. Kikohozi cha Mama kimepungua? Ng'ombe amezaa ao bado mnangoja? Mimi ni mzima. Ninafundisha hesabu darasa la tano na la sita la sekondari, na ninakula vizuri, hata kama Mama hataamini.

Motari aliyekuletea barua hii kwa pikipiki yake anaitwa Désiré. Mpe chakula na mahali pa kulala, kwa sababu nimemwomba asirudi bila karatasi kutoka kwako. Acha nikueleze ni karatasi gani.

Unakumbuka niliomba nafasi katika vyuo vitatu vya nje, nifanye masta ya hisabati. Kile cha Senegal kilikataa. Barua yao ilikuwa na mistari minne. Niliisoma mara moja, nikaenda kufundisha. Kile cha Ubelgiji kimenyamaza. Kile cha Kanada ndicho ninachokitaka kuliko vyote, kwa kuwa kuna profesa mmoja, mama wa makamo, anayechunguza namba kwa njia ile ile niliyoianza katika kazi yangu ya mwisho ya chuo kule Goma. Mwezi uliopita alinihoji. Tuliongea kwa simu katika duka la Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo anayeuza chumvi, sabuni na mabati, ambaye ana antena ya intaneti juu ya paa. Swali moja lilinishinda. Nilimwambia sijui, tukaanza kulitafuta pamoja, na nikasahau kabisa kwamba ninahojiwa. Nilitoka mle nikijua nimefanya vizuri. Papa, sijivuni. Ninajua ninachoweza, kama wewe unavyoujua udongo kwa kuushika.

Sasa sikia. Juzi nilirudi dukani kuangalia kama jibu limefika. Watu wa chuo cha Kanada waliandika kwamba dosie yangu ya maombi imesimama: mwombaji anaitwa Bauma Julienne, lakini diploma zilizotumwa ni za Sifa Julienne. Wamenipa wiki tatu nionyeshe kwamba hao ni mtu mmoja. Zikipita, wataifunga.

Kosa ni langu. Fomu iliuliza jina la familia. Nikawaza: familia ni ya Papa, na Papa ni Bauma. Nikaandika Bauma, kisha Julienne, na nafasi ya jina la tatu haikuwapo. Kwao mtoto hubeba jina la baba yake. Aliyetengeneza fomu ile hakuwaza kama kuna watu ambao kila mtoto wao hupewa jina lake mwenyewe.

Papa Kambale alicheka mpaka akaegemea magunia ya chumvi.

"Dada, na sisi Wanande je? Mimi niko Kambale juu nilizaliwa mwanaume wa pili. Papa yangu iko Paluku, mutoto wangu iko Kasereka. Wakiandika Kambale njo jina ya familia, nusu ya Butembo itakuwa ndugu zangu, na wote watakuja kula kwangu."

"Papa Kambale, mimi sicheki."

"Najua. Njo maana ninacheka ya watu wawili."

Mkuu wa shule yetu, tunayemwita Prefe, yeye hakucheka. Alifunga mlango wa ofisi.

"Mwalimu, kuna bwana mumoja kule mujini. Unamupa majina tu, kisha siku mbili uko na diploma mupya, Bauma Julienne. Nani atajua?"

"Mimi nitajua, Prefe."

"Uko na kichwa nguvu."

Labda. Lakini katika hisabati ndimo nilimoona kwamba jambo la kweli halingoji mtu mkubwa aliseme. Siwezi kuingia humo na karatasi ya uongo mkononi.

Kwa hiyo nakuomba uende kwa shefu wa kijiji na mashahidi wawili. Aandike kwamba Sifa Julienne ni binti wa Bauma, kwamba Sifa ni jina la bibi yake, na kwamba binti huyo mwenyewe ndiye aliyeandika Bauma kwenye fomu kwa kukosea. Atie muhuri. Désiré ataileta, na Papa Kambale ataipiga picha na kuituma.

Jambo moja ni gumu kuliandika. Mama aliniambia zamani kwamba ulitaka niitwe Bauma, kwa kuwa nilikuwa mtoto wako wa kwanza. Koko, mama yako, aliomba jina lake libaki kwangu kabla hajafa, ukakubali, na ndugu zako wakakucheka miaka mingi. Najua utafurahi kusoma kwamba nimeandika Bauma. Nami nilifurahi mkono ulipokuwa ukiliandika. Lakini shefu ni rafiki yako, atataka kukupendeza aandike kwamba hilo ndilo jina langu. Usimwache aandike hivyo. Karatasi kama hiyo itapingana na kila diploma niliyo nayo, na dosie itafungwa. Inabidi useme mbele ya mashahidi kwamba binti yako habebi jina lako. Ninajua ninachokuomba.

Msalimie Mama, na mdogo wangu Neema. Mwambie mtihani wa hesabu za sehemu hautamshinda akiacha kuharakisha. Mdogo wangu wa kiume akirudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Omate, mwambie ninamngoja apite hapa. Msalimie pia shangazi anayeniombea.

Nafikiri watanikubali, Papa. Wakikubali, nitakaa darasani mwao na jina la mama yako. Wakikataa, mwaka ujao nitaomba tena, na jina hilo hilo. Na wakiniuliza Bauma ni nani, nitawaambia ni baba yangu, mtu aliyekubali mara mbili.

Binti yako anayekupenda,
Sifa Julienne