Kasha Refu la Bangboka

Lokangu, ndugu yangu,

Leo ni siku ya kumi na moja, na kila ndege ikishuka hapa Bangboka bado natazama ngazi. Kichwa kimeshaambiwa. Macho hayajakubali.

Wewe mwenyewe ulisema utakuja Alhamisi. Ulituma ujumbe kwa redio ya misheni, padri akaniletea kikaratasi mpaka kazini: "Ramazani, nakuja Alhamisi, mwambie Mama apike liboke." Mama yako akachagua samaki na majani ya kuwafungia tangu Jumatano. Mimi nikavaa shati safi ndani ya ovaroli, nikasimama chini ya ngazi, pale pale unaponinyang'anyaga mfuko wako na kusema, "Wacha, mukubwa, weye hauwezi kubeba mizigo yangu."

Walishuka wafanyabiashara, akashuka mama mmoja na watoto wawili, mwisho bwana wa suti nyeusi ya abacost aliyekwenda moja kwa moja ofisini. Basi. Mlango ukabaki wazi na wewe hukutokea.

Nilikasirika. Nilisema kwa sauti, wenzangu wote wakasikia: "Vedette, nyota wetu, amesahau kwao!" Nikaenda kushusha shehena nimenuna. Kulikuwa na kasha refu la mbao, limezungushiwa magunia, tukadhani ni vipuri vya mashine. Unatujua sisi wapakuzi. Mzigo mrefu ukishalazwa kwenye mkokoteni wa trekta, mmoja wetu hukaa juu yake usiteleze mpaka ghalani. Siku ile nilikaa mimi.

Nilikukalia, Lokangu. Nilikaa juu yako, miguu inaning'inia, nikikusema njia nzima, kwamba Kinshasa imekuharibu, kwamba tangu uitwe timu ya taifa huna tena habari na watu wa Kisangani.

Mtunza ghala akasoma karatasi. Akairudia. Akanitazama. "Citoyen, shuka. Shuka polepole. Ile ni mutu." Halafu akataja jina lako.

Sijui nilishuka vipi.

Wanasema ni homa, siku mbili tu, baada ya mazoezi. Bwana wa abacost ndiye aliyekusindikiza, alikwenda ofisini kutafuta mtu wa kumpa habari. Telegramu ya kifo ilifika kesho yake, matanga yameshajaa watu na liboke la Mama liko pale pale, hakuna aliyeligusa. Homa! Wewe uliyemaliza mechi ya ugenini soksi imejaa damu, ukapiga pasi ya bao dakika ya mwisho, homa ya siku mbili? Nakataa. Kaburi nimeliona, udongo nimeutupa kwa mkono huu, na bado nakataa.

Tulianza wawili kwenye mchanga kando ya mto, na mpira tulioviringisha wenyewe kwa utomvu. Wewe namba nane, mimi namba sita. Wachaguzi walipokuja walichukua mmoja. Nilikuonea wivu mwaka mzima, na najua ulijua, maana kila ukirudi ulikuwa unanitafuta mimi kwanza kabla ya wakubwa wa mji. Jezi yako ya mechi ya kwanza ya taifa uliniletea mimi. Nilisema inanibana. Haikunibana.

Kazi yote ya kiungo ulikuwa unaieleza kwa maneno machache: "Geuza kichwa mbele mpira haijafika. Ukiangalia wakati iko kwa muguu, umechelewa." Redioni mtangazaji alikuwa akisema una macho kisogoni, nami nacheka peke yangu, kwa sababu nilijua ni shingo tu.

Alhamisi ile sikugeuza kichwa. Karatasi yenye jina lako ilibandikwa ubavuni mwa kasha, chini kidogo ya paja langu.

Sasa sikia linaloninyima usingizi. Kwenye matanga Mama yako alinishika mikono yote miwili mbele ya watu. "Namushukuru Mungu," akasema, "ni Ramazani alimupokea mutoto yangu. Hapana mutu mugeni." Mama alimwambia hivyo kila aliyeingia. Wapakuzi wenzangu wakatazama chini. Na mimi nikaacha ashukuru.

Mama amerudi kijijini kwake, Yanonge. Jumapili napanda pirogi, mtumbwi wa mtoni, kumfuata. Nitakaa chini kabisa, kwenye udongo, nimwambie jinsi nilivyokupokea. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa uwanja wowote. Lakini siwezi kula samaki wake tena huku ananibariki kwa hilo.

Nakuahidi na hili: hapa Bangboka mzigo mrefu haukaliwi tena nikiwa zamu. Nasoma karatasi kwanza, kisha natembea kando yake mpaka ghalani, mkono juu ya mbao. Wenzangu walicheka siku ya kwanza. Jana walitembea nami.

Lala salama, nane. Nisamehe uzito wangu.

Sita wako,
Ramazani