Barabara Inayopanda Muhima

Masaka, Kigali
Jumapili, 16 Novemba 2025

Kwako Dada yangu mpendwa Gaudiose,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lililokusumbua tangu Pasaka limepata nafuu. Shemeji hajambo? Wapwa zangu je, wanaendeleaje na masomo? Huku kwetu sote ni wazima. Mke wangu Cécile anakusalimu sana. Anasema gauni la kitenge ulilomshonea linamfanya asimamishwe mlangoni mwa kanisa kila Jumapili, watu wakitaka kujua fundi ni nani. Mvua zimekuja vizuri na maharage yetu nyuma ya nyumba yameshika maua.

Najua utashangaa kupokea bahasha badala ya kusikia sauti yangu kwenye simu. Kuna karatasi ndani niliyotaka ifike mkononi mwako, na kuna maneno ambayo kwenye simu ningeyameza. Karatasi hiyo usiikunjue mpaka ufike mwisho wa barua. Nakujua kwa kuchokonoa, lakini nivumilie mara hii moja.

Unajua bado nafundisha kuchora, shule ile ile ya mjini. Mwaka huu nina darasa la vijana wa miaka kumi na sita, ishirini na wanane, nao nimewashughulisha na kuchora majengo na vyumba kama jicho linavyoviona: cha karibu kikubwa, cha mbali kidogo, na mistari ya kuta yote ikikimbilia mahali pamoja. Vyumba havikutupa taabu. Taabu ilianza tulipotoka nje. Niliwaambia waanze kwa kuchora mstari wa upeo, na darasa zima likauweka juu ya vilele vya milima. Lakini ungewalaumu? Mtoto wa Kigali hajaona mahali ambapo nchi inaishia. Kila akiinua macho anakutana na mlima uliojaa nyumba. Basi nikawasimulia ziwa letu la Bukoba, jinsi mimi na wewe tulivyokuwa tukichuchumaa ufukweni na ule mstari wa maji ukishuka pamoja nasi, kisha tukipanda juu ya jiwe nao ukipanda. Nikawaambia upeo si mlima, upeo ni kimo cha macho yako mwenyewe. Nikawachuchumaza wote uani. Walicheka sana, lakini walielewa.

Mmoja wao hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Anaitwa Phiona. Mama yake anauza vitenge mtaa wa Muhima, naye alikulia Bujumbura, kwa hiyo nyumbani kwao Kiswahili kinasemwa na mtoto huzungumza nami kile cha huku bila aibu. Ana tabia ya kuuma ulimi akichora. Mimi nikiwa bado natafuta rula, yeye ameshamaliza dari na sakafu. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na miwili na mistari yangu bado inatoka kwa jasho. Yake inatoka kama mtu anayeandika jina lake. Nitasema wazi, maana nimechoka kuzungukazunguka: nilimwonea wivu. Si ule wa kutaniana. Nilikuwa nikipita nyuma ya dawati lake naharakisha nisione, halafu nageuka kurudi ili nione.

Mambo yalizidi alipokuja Cyusa. Huyu nilimfundisha mwenyewe, nikamwonyesha hata namna ya kuchonga penseli. Leo ni msanifu majengo, ana ofisi Kimihurura na miwani ya bei. Alikuja Septemba akatangaza kwamba likizo ya Desemba atamchukua mwanafunzi mmoja wa darasa langu akajifunze ofisini kwake, na akimwona anafaa atamshika mkono mpaka chuo kikuu. Angechagua kwa michoro ya barabara, Ijumaa ya tarehe kumi na nne mwezi huu. Walimu wenzangu walinipongeza kana kwamba nimejifungua. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Jengo pekee nililowahi kulichora likasimama ni hii nyumba yangu ya Masaka, na hata ramani yake ilibidi mtu mwingine aitie sahihi.

Phiona alichora barabara ya kwao, ile inayotoka chini upande wa Nyabugogo na kupanda Muhima. Aliweka maduka pande zote mbili, ngazi za saruji, na mwanamke mwenye mwavuli. Mistari ya madirisha na mapaa ilikwenda ikakutana kwenye kimo cha macho, kama nilivyofundisha. Lakini kingo za barabara hazikuishia hapo. Zilipita, zikaendelea kupanda, zikakutana juu zaidi, karibu na mapaa ya mbali. Ukiitazama karatasi ile unahisi magoti yanachoka.

Nilichukua kalamu nyekundu nikaikata barabara yote. Pembeni nikaandika: mistari yote huishia kwenye upeo. Mtoto akainua macho akaniambia, “Mwarimu, lakini barabara iko inapanda.” Nikamjibu mbele ya wenzake kwamba barabara inaweza kupanda lakini kanuni haipandi. Darasa likacheka. Alifuta, akachora barabara tambarare, na maduka yote yakaonekana kama yamezama udongoni. Mchoro ulikufa nikiutazama. Mchana ule nilikula vizuri, hata nikaongeza.

Baada ya hapo Phiona hakuleta tena mchoro. Aliwaambia wenzake hana mkono wa kuchora, mwakani atahamia masomo ya utalii. Nami nikaanza kuandaa kazi za wengine kwa ajili ya Cyusa, nikijiambia kwamba nimetenda haki.

Jumatatu iliyopita mama yake akaja shuleni. Alifunga duka saa za biashara, na wewe unajua maana yake. Hakuja kugombana. Alisema mtoto amezifunga penseli zake kwenye mfuko na kumpa binti wa jirani. Alisema yeye hajui kuchora, hawezi kutambua kizuri na kibaya, ndiyo maana amekuja kuniuliza mimi ninayejua: amwache binti yake, au amhimize aendelee? Lolote nitakalosema atalifuata. Dada, hata hapo jibu la kwamba amwache lilikuwa limeshafika mdomoni mwangu. Nilimwomba anipe siku moja.

Nyumbani nilimweleza Cécile. Aliniuliza kama mtoto alikosea kweli. Nikamwambia ni jambo la kitaalamu. Akasema hakuuliza kama ni la kitaalamu, ameuliza kama alikosea. Nikainuka nikaenda kuangalia maharage.

Kesho yake nilipanda moto, hizi pikipiki za abiria za huku, mpaka Muhima, nikasimama pale pale alipokuwa amesimama, nikainua rula mbele ya jicho. Barabara ilikwenda alikoipeleka yeye. Mama yake aliniona kutoka mlangoni mwa duka lake, akanifuata. Nilimwambia amhimize, mtoto hakukosea, mimi ndiye niliyekosa na nitasema hivyo darasani. Akaniuliza kwa upole kama nilikuwa sijui. Nilijifanya naita moto.

Alhamisi nilichora ubaoni barabara inayopanda, nikawaambia wanafunzi kwamba kanuni niliyowapa ilikuwa nusu, na kwamba Phiona alikuwa ameipata yote. Hakuna aliyecheka. Kisha nilimwita pembeni nikamwambia lililo kweli, ambalo wewe utalisoma hapa chini. Nilimpa penseli zangu, zile nzuri. Alizipokea kwa mikono miwili kama alivyolelewa, lakini hakutabasamu, nami sikustahili.

Ijumaa Cyusa alipofika, Phiona alikuwa amekataa kuchora upya kwenye karatasi safi. Alileta ile ile ya zamani, barabara yake ameichora tena, ikipanda juu ya wino wangu mwekundu. Cyusa akauliza ni nani aliyeikata. Niliinua mkono kama mwanafunzi. Akaitazama karatasi tena, akasema huyu ndiye anayemtaka. Usidhani wivu uliniacha hapo. Alipompa binti mkono nilihisi naibiwa kitu changu. Nilipiga makofi, na makofi yenyewe yalitoka nusu moyoni, nusu mikononi tu.

Sasa nijibu swali la yule mama. Nilikuwa najua. Nimejua tangu mwaka wa pili wa shule ya ufundi kwamba njia inayopanda ina mahali pake pa kukutania, juu ya upeo. Siku mwalimu alipotuonyesha, wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini, kwa sababu nilikuwa nimeshauona mchoro wa namna hiyo, na ulikuwa wako.

Unakumbuka tulipokuwa darasa la saba pamoja, ulivyochora ile njia ya kupanda kanisani? Siku ya kupeleka michoro kwa mwalimu aliyekuwa akichagua wa kwenda shule ya ufundi, wewe ulikuwa kitandani na malaria. Ukanipa wako niupeleke pamoja na wangu. Niliporudi nilikuambia mwalimu ameukataa, amesema mistari yote huishia kwenye upeo. Dada, mwalimu hakuuona mchoro wako. Njiani niliiweka yote miwili majanini, nikaitazama, nikajua ni nani angechaguliwa. Maneno yale niliyatunga mwenyewe kabla sijafika nyumbani. Nilichukuliwa mimi. Wewe ulisema basi, labda huna mkono, ukaenda kujifunza cherehani, wala sikukuona tena ukichora. Miaka thelathini baadaye nimeyaandika maneno yale yale kwa wino mwekundu, kwenye karatasi ya mtoto wa watu.

Nimemwambia Phiona, nimemwambia Cécile leo asubuhi. Ulibaki wewe, uliyestahili kuwa wa kwanza.

Sasa kunjua karatasi. Nimehama nayo kila nilikohama, ndani ya Biblia, na sikuwahi kuwa na ujasiri wa kuitupa wala wa kuitoa. Mikunjo ni ya mkono wangu. Mistari ni yako, na hakuna hata mmoja uliokosewa.

Ukitaka kunikasirikia, kasirika. Sitapiga simu kukuharakisha. Msalimie sana Shemeji, wapwa zangu wote, na majirani wanaonikumbuka. Goti lile lifunge kitambaa cha joto, usilipuuze. Nami nitakuwa hapa, nikisubiri neno lako, lolote litakalokuwa.

Ni mimi mdogo wako, yule uliyemtuma,

Munyaneza