Aliyesimama Machimboni

Mjukuu wangu Kadzo,

Hili sijamwambia mtu: nami niliwahi kudhani nina jini. Lakini pokea salamu kwanza. Huku Mwakirunge tu wazima, mbuzi amezaa, na watu bado wanacheka kwamba msichana wa miaka kumi na sita ni nyanya yako, kwa kuwa mama yako ni mtoto wa dada yangu.

Umeniuliza kwa nini ukitumwa chumvi unajikuta kwingine. Nilikuwa na umri wako. Mama alinituma mafuta ya taa, ghafla nikajikuta ukingoni mwa machimbo ya mawe, chupa tupu mkononi, wala sikumbuki njia niliyopita. Palikuwa kimya, hata ndege hakuna. Kule chini alisimama mtu, mweupe pe, akinitazama bila kupepesa macho. Nikaikumbatia chupa.

"Mwanangu, umetumwa nini?"

Kumbe ni baba yangu, amejaa vumbi la mawe.

"Nimesahau, baba."

"Hata mimi. Wenzangu wananingoja tangu asubuhi." Akacheka. "Usimwambie mamako."

Mwaka huu daktari ameniambia hali yangu inaitwa ADHD, yaani akili kuhamahama na kusahau upesi. Nimezaliwa nayo, na huenda nimeirithi. Si jini, Kadzo. Pengine tuko watatu, na mmoja wetu ana mvi na hajaambiwa.

Nasikia nyayo za baba zaja mlangoni. Siku zote mimi huficha karatasi ya daktari chini ya kanga. Leo naiacha wazi mezani.