Maua Yako Yamekula Megas

Mama Mkubwa, shikamoo.

Nipo Mocímboa, ng'ambo ya mpaka, kwa mdogo wako, Bi Somoe, nashibishwa matapa, kisamvu chao cha nazi, mpaka kuinama ni kazi. Jana alivaa kanga mpya, akakaa mbele ya simu yangu ili muonane sura baada ya miaka yote hii. Megas za intaneti zikawa zimekwisha.

"Mwulize huyo," akasema, akimnyooshea kidole jirani, Bi Zaina, anayechota intaneti kwetu kama maji.

"Mie? Haki ya Mungu, nimeonja tu!"

Simu yangu ya mfumo wa Linux haijui kusitiri mtu. Ukiiuliza, inataja kila kitu kimekula kiasi gani. Nikaiuliza mbele yao. Bi Zaina kweli alionja tu. Zilizomaliza ni video za salamu unazonitumia kila alfajiri, zile za waridi na dua.

Bi Somoe akavuta pumzi. "Dada huyo, tangu utoto akisalimia hamalizi." Akampakulia jirani matapa.

Nimekuandikia kadi kwa kuwa ujumbe wa simu ungeujibu kwa maua. Dereva wa Mtwara anakuletea. Ijumaa nanunua megas nyingine. Hadi hapo utuombee kimya kimya. Nawe uvae kanga mpya. Mdogo wako yake hajaivua.

Mwanao,
Saidi