Saruji Uliyopiga kwa Simu

Birmingham, Novemba 2018

Kaka Haji,

Assalaam alaykum. Natumai wewe, wifi na watoto mu wazima. Sisi afya tunayo, ila mimi nimechoka, na walionichosha ni wawili: wewe na shemeji yako Salim.

Unalikumbuka duka letu kwenye picha? Lilijengwa enzi za Malkia Viktoria, pale mitaa miwili inapokutana, na mlango umekatwa kwenye pembe ili wa huku na wa kule wote wauone. Matofali mekundu, chini ya dirisha vigae vya kahawia vinavyong'aa, ndani darini kulabu za kutundikia nyama. Juu ndiko tunakolala, kama walivyolala wenye duka waliotutangulia. Jirani yetu Bi Maureen, aliyezaliwa mtaa huu huu, kila asubuhi hunihadithia jinsi mama yake alivyokuwa akimtuma hapa sabuni na mishumaa. Akimaliza hununua kiberiti kimoja, mkate anaufuata supamaketi!

Basi kabla ya Ramadhani Salim akataka duka lipendeze, kama tufanyavyo nyumbani. Akakupigia simu kwamba ukuta wa nje unamung'unyika. Na wewe, fundi mwashi mzima, ukuta wenyewe hujauona, ukamwambia, "Piga plasta ya saruji, paka rangi nyeupe, umemaliza." Akapiga. Matofali yote akayaziba. Tukasifiwa Idi nzima.

Mvua za huku hazina adabu, Kaka. Maji yakaingia yakakosa pa kutokea, chumba cha watoto kikaota ukungu. Mwanangu ndiye aliyenionyesha: "Mum, ukuta una-crack." Salim alipoibandua ile plasta, ikatoka na nyuso za matofali.

Juzi mwenye nyumba kaja na fundi wake. Fundi akagusa ukuta, akamgeukia Salim. "Nyumba hizi zilijengwa kwa chokaa. Ukuta lazima upumue. Nani kakwambia saruji?" Mwenye nyumba akasema ukuta urudi kama ulivyokuwa, la sivyo tutoke, dukani na juu.

Chokaa! Sisi ndio wa kufundishwa chokaa na Mzungu? Sisi tuliolelewa kwa chokaa ya Baba? Umesahau alivyokukataza kutia saruji kwenye ile nyumba ya Mji Mkongwe, nawe ukamcheka mbele ya vibarua? Tangu siku ile hajakanyaga kazini kwako, na hakuna anayemuuliza neno juu ya ukuta wowote. Nimekasirika mpaka nimelia.

Salim ataifanya kazi mwenyewe, na yule fundi amekubali kuja kukagua. Wifi na shangazi yetu wa Ng'ambo ya Mji Mkongwe wape salamu zangu. Kisha nenda kwa Baba, ukae chini, umuulize chokaa inalowekwaje na inachanganywaje. Msikilize mpaka amalize, hata akirefusha.

Na usimwambie nimekutuma. Mwambie umekuja mwenyewe.

Mdogo wako,
Mwanaidi