Tisa ya Kopa

Barabara ya Mill,
Fairlund, Indiana.
18 Novemba 1991

Mpendwa mdogo wangu Wendell,

Habari za huko Alaska? Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu Joyce, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Je, watoto wamezoea giza la huko? Sisi huku hatujambo kwa mwili. Mahindi tulimaliza kuvuna wiki tatu zilizopita, na theluji ya kwanza ilianguka Alhamisi, nyepesi tu. Binti yetu Connie amepata kazi benki na sasa anatufundisha sote namna ya kuishi.

Uliponipigia simu wiki iliyopita ukauliza kwa nini Baba haji kuongea, nikakwambia ana mafua. Hana mafua, Wendell. Nilikudanganya, na si mara ya kwanza, ndiyo maana nimekaa hapa mezani na kalamu badala ya simu. Kwenye simu ungenisikia nikilia na ungeniambia si kitu.

Unajua mashindano ya yuka, karata zetu za wawili kwa wawili, hufanyika kila mwaka baada ya mavuno, pale ukumbi wa zimamoto. Mwaka huu yalikuwa Jumamosi, tarehe mbili. Zawadi ilikuwa paja zima la nguruwe la kuokwa. Mimi nilicheza upande mmoja na shemeji yako Dale, na Baba upande mmoja na Merle Stutz kama kawaida yake tangu ulipohama. Kufika saa kumi jioni tumebaki wanne tu, sisi na wao, na watu wote wamezunguka meza na sahani zao za pai.

Tukafikia tisa kwa tisa, imebaki pointi moja tu ya ushindi, hapo tunapopaita zizini. Basi si unajua Baba akishaingia zizini! Akafumbata vidole, akaelekeza vidole gumba vyote viwili chini, na Merle akavikamua kama chuchu za ng'ombe, ukumbi mzima unacheka.

"Kamua taratibu, Merle, huyu ana miaka themanini na moja!" Baba akasema.

"Maziwa yenyewe yameshaganda," Dale akamjibu.

Alikuwa na furaha sana, Wendell. Nataka ulijue hilo kwanza.

Sasa sikiliza. Sijui kama huko bado unacheza, kwa hiyo nikukumbushe. Turufu ilikuwa kopa, tuliichagua sisi. Ghulamu wa kopa ndiye mkubwa kuliko karata zote, na ghulamu wa uru, kwa kuwa ni mwekundu mwenzake, anaacha uru na kuhesabiwa kopa, wa pili kwa ukubwa. Baba alitufundisha hivyo kabla hatujajua kusoma. Wao walikuwa wamekula mara mbili, sisi mara moja, na zimebaki karata mbili kila mkono. Ilikuwa lazima tule zote mbili, tukikosa hata moja wameshinda wao. Mimi ndiye wa kuanza, na mkononi nina ghulamu wa kopa na tisa ya kopa. Kopa nyingine zilikuwa zimekwishatoka. Karata moja tu ingeweza kuila tisa yangu, yule ghulamu wa uru.

Nilijua anaye Baba. Yeye hupanga karata zake kwa aina, na mapema alipochomoa kumi ya uru pembeni, niliona ameacha nyingine palepale ilipotoka. Huyo ghulamu alipaswa kukaa na kopa. Tangu majira ya baridi yaliyopita, Baba amekuwa akimweka na uru, kwa sababu hakumbuki tena.

Ndiyo, tangu majira ya baridi. Jikoni tunapocheza wawili nilimwona akikosea, nikanyamaza, nikaacha ipite. Kisha akaanza kubandika birika bila maji. Kisha akamwita Connie kwa jina la Mama. Mwezi wa nne nilimpeleka kwa daktari na daktari akasema nilichokuwa nakijua. Wewe ukiuliza, mimi nasema Baba yuko imara. Niliogopa utasema apelekwe kwenye nyumba ya wazee, na niliogopa zaidi kwamba utakuwa na haki.

Kila mtu anayejua yuka angeanza na ghulamu mkubwa, amlazimishe yule wa uru atoke, maana kopa ikianza mwenye kopa lazima atoe kopa, kisha amalizie na tisa. Lakini mimi nilijua Baba hatamtoa, kwa kuwa kwake yeye si kopa. Angebaki naye na kuila tisa yangu mwishoni, nami ningelazimika kusema mbele ya ukumbi mzima kwamba amekosea. Basi nikaanza na tisa. Nilijiambia ni kumstahi. Uongo mtupu. Nilitaka kushinda. Miaka arobaini ananiambia, "Nadine, unacheza kama karata zitakung'ata," na sijawahi kumfunga katika fainali hata mara moja.

Baba akatupa ree ya shupaza. Tisa ikala. Nikaweka ghulamu wa kopa, na yeye, karata yake ya mwisho, akamweka ghulamu wa uru juu ya meza.

Dale alikwisharuka kutoka kitini. Merle ndiye aliyeona.

"We Orval! Huyo ulikuwa naye muda wote? Kopa inapita mbele yako unatupa shupaza? Tungeshinda, mzee, tungeshinda!"

Baba aliiangalia ile karata, akaiangalia tisa yangu, kisha akaniangalia mimi. Nimemzika Mama na sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile.

Njiani kurudi, tulipopita kwenye banda la maziwa, akaniuliza:

"Nani alikufundisha kuanza na tisa?"

"Nilibahatisha tu, Baba."

"Hubahatishi wewe. Tangu mtoto hubahatishi." Akavua kofia, akaishika magotini. "Hakuna anayeanza na tisa hapo, mwanangu. Labda awe anajua."

Dale mpaka leo anawasimulia watu huko dukani ujasiri wangu, na kila akisimulia roho inanisuta upya. Lile paja la nguruwe liko kwenye friza, sijaligusa. Baba hajashika karata tena. Merle alikuja mara mbili kuomba radhi, akaambiwa Baba amelala, kumbe Baba amesimama nyuma ya mlango.

Hasira hana, afadhali angekuwa nayo. Ananishukuru kwa kila kikombe cha kahawa kama mgeni.

Jana baada ya kanisa nilimwambia nakuandikia. Akaenda kabatini, akarudi na karata zake za siku zote, akamtafuta ghulamu wa uru kwa muda mrefu, akanipa.

"Mtie kwenye bahasha ya Wendell."

"Tutachezaje bila yeye, Baba?"

"Hatutacheza. Wendell akija, atakuja naye."

Ndiye huyo uliyemkuta humu. Najua nauli ni ghali na kazi haikupi nafasi, na najua sina uso wa kukuomba kitu baada ya kukuficha mwaka mzima. Nikasirikie unavyotaka, ila njoo ukae mbele yake mezani, mwenzake wa karata kama zamani. Ukiweza Sikukuu ya Shukrani mwisho wa mwezi huu, njoo. Ukishindwa, usipitishe Krismasi.

Dale na Connie wanakusalimu. Mpe Joyce mkono wangu, na uwabusu Kurt na Lori kwa niaba ya shangazi yao. Mungu awakinge na baridi ya huko, na anisamehe mimi.

Njoo kabla hajasahau kwamba alikutumia.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Nadine