Thelathini na Sita Nukta Tano Tatu Tatu

Jumatatu, Tunduma. Baridi ya kukata masikio, vumbi la malori kila kona, na abiria wangu wa kwanza nimemwambia atembee kwa miguu.

Nina hasira. Na ninayemkasirikia zaidi nanyoa ndevu zake kila wiki mbele ya kioo.

Wiki mbili zilizopita ukoo ulikaa kijijini Ihanda kugawa shamba la marehemu babu mafungu matatu: la mama, anayeshika nafasi ya marehemu baba, kuanzia mferejini, la baba mdogo katikati, na la shangazi mwisho. Kwetu shamba hupimwa kwa miguu. Mzee mmoja akavaa gambuti, akatembea toka mferejini hadi kwenye mikaratusi, akizunguka migomba njiani. Hatua mia moja thelathini na saba.

"Na hatua yako ni kiasi gani, mzee?" nikauliza.

"Kama sentimita themanini hivi."

Kama. Hivi. Masikio yangu yalisikia, kichwa hakikusikia. Nikatoa simu, nikazidisha, nikagawa kwa tatu, nikasimama kama waziri: "Kila fungu mita thelathini na sita nukta tano tatu tatu tatu tatu!" Wazee wakaguna kwa heshima. Shangazi akapiga kigelegele. Mimi niliyeishia kidato cha pili! Nilitembea kifua mbele mpaka bodaboda ikaniona mzito.

Jana nimerudi nyumbani, nikamkuta mama amekaa na kikapu kitupu.

Baba mdogo amenunua futi kamba. Amepima toka mferejini mita thelathini na sita na sentimita hamsini na tatu, akapigilia vigingi. Mstari wa mwisho wa kahawa ya mama umeangukia upande wake. Kwa shubiri moja! Miche ishirini na miwili aliyoipanda baba kwa mikono yake, na sasa imeiva, myekundu kabisa, na mama amekatazwa kuchuma.

Nikamfuata. Alicheka tu.

"Mtaalamu, si wewe uliyesema? Tano tatu tatu. Mimi hata hizo tatu za mwisho nimekusamehe."

Nikawasha pikipiki, nikaondoka.

Leo, nikisubiri abiria karibu na mpaka, ndipo nikamkumbuka mwalimu wangu wa hesabu na somo nililolichekea: tarakimu za maana. Alisema namba isijifanye inajua kuliko kipimo kilichoizaa. Mzee aliposema themanini, ni ile nane tu iliyokuwa na kazi. Ile sifuri ilishika nafasi tu, kama mtu aliyewekwa kwenye foleni amshikie mwenzake. Hatua yake ingeweza kuwa sabini na tano, ingeweza kuwa themanini na tano.

Nikapiga hesabu upya juu ya tangi la pikipiki. Hatua ikiwa fupi, fungu ni mita thelathini na nne na ushee. Ikiwa ndefu, karibu thelathini na tisa. Jibu la haki, kwa tarakimu moja tu ya maana, lilikuwa "kama mita arobaini hivi", basi. Hizo tano na tatu hazikutoka shambani. Zilitoka kwenye simu, na simu ukiigawia uongo inakupa uongo wenye nukta.

Baba mdogo ni mlafi, simtetei. Lakini panga la kumkata nalo mama nimelinoa mimi, kwa ajili ya kupigiwa kigelegele.

Mchana nimempigia mama. Nimemwambia Jumapili nitasimama mbele ya wazee wale wale, niseme nilijitia ujuzi, na shamba zima lipimwe kwa futi kamba, toka mferejini mpaka mikaratusi, ndipo ligawanywe.

Akauliza, "Na kamba ikisema thelathini na nne, mwanangu?"

Thelathini na nne ni kupoteza mstari ule na mwingine wa pili.

Ningeweza kumwambia haitasema hivyo. Mdomo ninao, wote mnanijua.

"Sijui, mama," nikasema.

Akavuta pumzi. "Basi njoo na kamba ndefu. Ila safari hii, ukishapima, wewe kaa chini. Namba aisome shangazi yako."